Halua ya Istanbul si halua, lokum ndiyo halua! Wajuzi njooni hapa

#1 MwanaWaWete
Wakuu salaam. Mimi ni mwanafunzi hapa Istanbul, nimemaliza mwaka wa lugha na sasa niko mwaka wa kwanza wa uhandisi. Mitihani ya nusu muhula imeisha Ijumaa, nikasema wikiendi hii sishiki daftari, natembea mji na kula vitamu mpaka nitosheke.

Jumamosi nimeshuka tramu Sultanahmet asubuhi. Nimeingia Ayasofya, msikiti alioujenga Sultan Mehmed mwaka 1453, nikaswali adhuhuri humo. Halafu nikateremka kwenye lile hodhi la chini ya ardhi, nguzo 336 zimesimama majini, mbili kati yake zimekalia vichwa vya Medusa, kimoja kimelazwa ubavu na kingine kimepinduliwa utosi chini. Nilipotoka nikashuka kwa miguu hadi Eminönü, kwenye Mısır Çarşısı, soko la viungo. Mtu wa Pemba ukiingia pale pua inakupeleka yenyewe. Nimeona karafuu zimejaa gunia, nikauliza jina, muuzaji akasema "karanfil". Nimecheka kwa furaha.

Sasa hoja yangu. Nimemwomba yule baba helva. Akachukua kisu kirefu, akakata kwenye bonge la rangi ya ufuta. Kutia mdomoni: kavu, inavunjika nyuzinyuzi, inaganda kwenye kaakaa, ladha ya ufuta mtupu. Nzuri, lakini si halua. Alipoona uso wangu akanipa kipande cha lokum ya waridi yenye pistashio. Hicho kinavutika, kinateleza, kina harufu ya marashi. Nimeiona sebule ya bibi yangu Wete siku ya Idi, halua imo kwenye kikapu cha ukili, ukiibonyeza kwa kidole inarudi. Machozi yalinilenga pale pale sokoni.

Swali: imekuwaje Waturuki wana jina letu kwenye kitu kingine, na kitu chetu wanakiita jina jingine? Nani alimpa nani?

#2 Kahawa_Chungu
Hapa hakuna fumbo, mdogo wangu. Halua ni neno la Kiarabu, maana yake kitu kitamu, basi. Kila watu wakalibandika kwenye kitamu chao kikuu. Mturuki akaliweka kwenye ufuta, Mhindi akaliweka hata kwenye karoti, sisi tukaliweka kwenye wanga na samli. Jina limesafiri, chakula kimebaki kwao.

#3 Kigamboni255
Uzi wa halua bila picha hata moja? Dada, umetutesa. Weka picha, maelezo yafuate.

#4 TramuNambariMoja
Hongera kwa kumaliza mitihani. Mimi nilisoma Ankara miaka minne na Istanbul nilikuwa naenda kila likizo. Nisahihishe kidogo hapo #1: Ayasofya haikujengwa na Sultan Mehmed. Ilijengwa na Mfalme Justinian, ikakamilika mwaka 537, ikawa kanisa kwa zaidi ya miaka 900. Mwaka 1453 Mehmed alipouteka mji ndipo ikageuzwa msikiti. Mwaka 1934 ikaamuliwa iwe makumbusho, na 2020 ikarudi kuwa msikiti. Angalia juu kwenye kuba, malaika wa mozaiki bado wapo.

Na wanaokuja kutalii wajue: wewe uliingia bure chini kwa sababu uliingia kuswali. Toka Januari 2024 watalii wa nje wanapita mlango wao, wanapandishwa roshani ya juu, na wanalipa euro 25. Nimeona watu wanabishana na walinzi mlangoni kwa kutojua hilo.

Kuhusu halua nina mchango, nitarudi. Ila niambie kwanza, baklava umekula? Ikigusa uma itoe sauti ya karatasi kavu. Wenyeji wengine huigeuza kabla ya kuitia mdomoni, ule upande wa chini wenye samli na shira uguse kaakaa kwanza.

#5 BintiMuscat
Nawasalimu kutoka Muscat. Kahawa_Chungu, hapo umerahisisha mno. Jina linaweza kusafiri peke yake, sawa, lakini halua ya Unguja na Pemba na halua ya huku Oman ni kitu kimoja, si jina tu. Wanga, sukari, samli, iliki, zafarani, marashi. Inapikwa kwenye chungu kikubwa cha shaba kinachoitwa mirjal, inakorogwa saa mbili na zaidi bila kuachwa. Marashi yenyewe yanatoka kwenye mawaridi ya Jabal Akhdar. Seyyid Said alipohamishia makao yake Unguja miaka ya 1830, wapishi walikwenda naye. Kwa hiyo jibu la swali lako, Mwana, ni Oman. Waturuki hawamo.

#6 Kilindini_Kid
BintiMuscat shikamoo, ila hapo kwenye miaka nakupinga. Waomani hawakuanza pwani na Seyyid Said. Hapa Mombasa waliwatoa Wareno Fort Jesus mwaka 1698. Ikiwa halua ilikuja na Waomani basi yaweza kuwa ilikuja zaidi ya miaka mia kabla ya hao wapishi wako.

Tena mimi siamini hata kama ni Waomani. Nyumbani twanunua halua kwa Wahindi pia, ile yenye kung'aa, ngumu kidogo, ya unga wa mahindi, wengine waiita ya Bombay, wengine ya Karachi. Hiyo ndiyo karibu zaidi na lokum ya dada yetu kwa sababu ukiikata yashika umbo. Wafanyabiashara wa Kutch na Gujarat walikuwa Muscat, walikuwa Zanzibar, walikuwa Mombasa. Kwa nini tusiseme wao ndio walioleta, kisha Muoman na Mswahili wakajifunza?

#7 BintiMuscat
Marahaba mwanangu. Hao wa Kutch si wangejifunza Muscat walipokuja kufanya biashara, kisha wakaipeleka kwao? Njia ya bahari ina pande mbili.

#8 FundiSufuria
Nimepika halua miaka 20, baba yangu alipika kabla yangu. Naona wote mnabishana majina na merikebu, hakuna aliyeangalia sufuria.

Lokum haina samli. Hiyo ndiyo tofauti. Lokum ni sukari, maji, wanga, na maji ya limau ili sukari isirudi kuwa chenga. Ukiipika unaimwaga kwenye sinia lenye wanga mkavu, ikipoa unakata, unaipaka vumbi la sukari juu. Ndiyo maana inakaa kavu kwa nje na mnaweza kuipanga kwenye boksi. Halua yetu inanyweshwa samli kidogo kidogo wakati inakorogwa. Wanga ukilegea na sukari ikishakubali, unatia samli, inaingia. Unatia tena, inaingia. Ikifika mahali inakataa, samli inaanza kuchuruzika pembeni, na halua inaacha sufuria yenyewe inafuata mwiko. Hapo ndipo imeiva. Ukizidisha dakika kumi inakuwa mpira.

Kwa hiyo Mwana, ulichokula sokoni ni ndugu wa halua asiyenyweshwa samli. Nani alimpa nani sijui, lakini ni mikono miwili tofauti.

#9 Kigamboni255
#8 imenifanya nitoke kwenda kutafuta halua saa hii. Mtaani kwetu haipo. Nimeambulia kashata.

#10 MwanaWaWete
Ahsanteni sana wote. TramuNambariMoja, nimekubali kosa la Ayasofya. Fundi, maelezo yako nimemsomea mama kwenye simu, amesema "huyo anajua".

Naendelea na Jumapili maana kuna jambo la pili. Nimepanda feri Eminönü kwenda Kadıköy, yaani unavuka kutoka Ulaya unashukia Asia kwa dakika kama ishirini. Watu wananunua simit, ile mikate ya duara yenye ufuta, wanawarushia shakwe hewani, na shakwe wanadaka bila kukosa. Chai inapitishwa kwenye vikombe vidogo vya kioo vilivyobanwa kiunoni. Upepo ulikuwa mkali, nikakaa nje hivyo hivyo.

Kadıköy karibu na gati nikaona foleni ndefu mbele ya gari dogo lenye karai kubwa la mafuta. Mtu anabana donge kwa kiganja, anachota kwa kijiko, vinadondoka vidonge kwenye mafuta, vinaelea, vinageuka rangi, vinatoswa kwenye shira. Wakuu, zile ni KAIMATI. Umbo lile lile, sauti ile ile ya kukatika ukiuma, shira inaruka. Wao wanaita lokma. Nikatoa pesa, wakakataa. Mama mmoja nyuma yangu akanieleza kwamba familia imefiwa, wanagawa kwa ajili ya marehemu. Kila anayepokea anasema "Allah kabul etsin", Mungu aipokee. Nami nikasema. Nimezila nimesimama pembeni, nikamwombea mtu nisiyemjua jina.

Kwa hiyo si halua tu. Na kaimati nazo?

#11 Kahawa_Chungu
Kaimati hizo nakubali ni ukoo mmoja. Kiarabu ni luqaimat, yaani vitonge vidogo. Luqma ni tonge, lokma ni hiyo hiyo. Hapa jina na chakula vimesafiri pamoja. Lakini msimamo wangu kuhusu halua uko pale pale.

#12 Kigamboni255
Dakika ishirini Ulaya hadi Asia! Sisi Magogoni hadi Kigamboni ni pua na mdomo, ila foleni ya magari ukiikuta jioni unaweza kusoma msahafu mzima. Shilingi 200 yangu nalipa kila siku.

#13 Kilindini_Kid
Wewe walipa? Likoni mwenda kwa miguu havukishwi kwa pesa. Njoo Mombasa uvuke bure, halua nitakununulia mimi.

#14 Kigamboni255
Nimeshika neno lako mbele ya watu.

#15 Kahawa_Chungu
Jamani feri zina uzi wake. Tubaki kwenye sufuria.

#16 Tanganyika_Bursa
Habari zenu, mimi ni Mrundi, nasoma Bursa. Huku kitamu cha mji ni kestane şekeri, njugu za mti wa kestane zilizochemshwa kwenye shira taratibu mpaka zinang'aa. Wikiendi nikipanda Uludağ kuangalia theluji nashuka nanunua moja moja, si rahisi kwa mfuko wa mwanafunzi.

Mwana, kama bado, nenda duka la vitamu vya maziwa uombe tavukgöğsü. Usiulize kilichomo mpaka umalize. Ni kifua cha kuku.

#17 Kilindini_Kid
Kifua cha kuku kwenye kitamu? Mrundi, usimchezee mtoto wa watu.

#18 Tanganyika_Bursa
Haki ya Mungu. Kifua cha kuku kinachemshwa, kinachambuliwa mpaka kinakuwa nyuzi kama za pamba, kinaoshwa harufu iishe, kinapikwa na maziwa, sukari na unga wa mchele. Ukila huoni kuku, unaona kitu kinavutika kidogo tu. Kuna kingine kazandibi, hicho wanakiacha kiungue chini makusudi kisha wanakikunja. Jina lake maana yake ni chini ya sufuria.

#19 FundiSufuria
Huo ni ukoko! Wamepika ukoko wa maziwa. Nimewaheshimu hapo. Kwetu watoto hugombania ukoko jikoni, wao wameutia kwenye sahani na kijiko.

#20 TramuNambariMoja
Nimerudi kama nilivyoahidi. Mwana, helva uliyokula ni moja tu, ya tahini, yaani ufuta uliosagwa. Kuna ya unga na kuna ya semolina, na hizo mbili zinapikwa majumbani. Nilipokuwa Ankara jirani wa ghorofa ya chini alifiwa na mzazi wake. Jengo zima likajaa harufu ya semolina inayokaangwa na siagi. Jioni binti akagonga mlango wangu na kisahani, helva ya moto, juu kuna kokwa za msonobari. Nilikuwa mgeni kwao, sikuwa nimewahi hata kuzungumza na marehemu, lakini sahani yangu ilihesabiwa. Huko kwao kukaanga helva ni sehemu ya msiba. Sisi halua ni ndoa, posa, Idi. Ndiyo maana nasema njia ziliachana zamani.

#21 FundiSufuria
Hapo si sawa kabisa, ndugu. Mimi oda zangu nyingine ni za hitma na maulidi. Halua yetu nayo inakaa na maiti na arusi.

#22 TramuNambariMoja
Nashukuru, nimejifunza. Mimi wa bara, nimeionja kwenye harusi tu.

#23 Maktaba_Kongwe
Niongeze ya historia, maana nimeona wote wanadhani lokum ni ya kale sana. Kasri la Topkapı lilikuwa na jiko maalumu la vitamu likiitwa Helvahane, humo walipika helva na jamu na hata dawa za kasri. Na kila katikati ya Ramadhani askari wa Janissary, kikosi cha sultani, walikuwa wakipewa masinia ya baklava kwa maandamano kutoka kasri hilo hilo. Kwa hiyo vitamu vilikuwa jambo la dola.

Lakini lokum ya wanga na sukari nyeupe, hii aliyoila Mwana, haina umri huo. Hacı Bekir, mpishi wa vitamu, alifungua duka lake Istanbul mwaka 1777 akitokea Kastamonu. Zamani watu walitumia asali au shira ya zabibu na unga wa ngano. Sukari iliyosafishwa na wanga vilienea karne ya 19. Basi hoja ya Waturuki kuwapa Waomani inalegea, kwa sababu kitu chenyewe kilikuwa bado kinatafuta umbo lake.

Jina kamili la zamani ni rahat ul-hulkum. Hulkum ni koo.

#24 MwanaWaWete
Raha ya koo! Raha ni raha yetu hii hii! Naandika niko kwenye basi, nimeirudia mara tatu mpaka aliyekaa jirani ameniangalia.

#25 MamaAisha_Leicester
Watoto wangu hamjambo. Niko Uingereza mwaka wa 24. Halua ya nyumbani hunifikia mtu akisafiri, na ikifika nakata vipande vidogo kama dawa. Isipokuwepo, Idi natoa lokum na kahawa chungu, na wageni wangu wa Unguja hawalalamiki.

Maoni yangu ni haya. Mnatafuta asili kwenye wanga, mimi naitafuta kwenye kikombe. Mturuki akikupa kahawa anaweka kipande cha lokum pembeni. Muoman na Mswahili wakikupa kahawa wanaweka halua. Kahawa chungu isiyo na sukari inataka kitu kimoja kidogo, kitamu sana, laini, kisichohitaji kutafuna. Kila palipofika kahawa ile, watu wakatafuta mwenzake. Si lazima mtu ampe mtu.

#26 Kahawa_Chungu
Mama shikamoo. Kwa jina langu hili siwezi kukupinga.

#27 BintiMuscat
Dada, kinywaji cha kahawa kilienea kutoka Yemen, jirani yetu. Bado mnarudi upande wangu.

#28 Kigamboni255
Picha bado.

#29 MwanaWaWete
Narudi baada ya wiki mbili, samahani kwa kimya, kulikuwa na kazi za maabara. Kuna mwenzetu ametoka nyumbani, mama amemkabidhi kikapu kimoja cha halua ya Wete. Kigamboni255, picha nimeiweka juu kabisa, angalia mafuta yanavyong'aa kwenye ukili.

Jumamosi nimekata kipande nikakifunga kwenye karatasi nikampelekea yule baba wa Mısır Çarşısı. Alinikumbuka. Akakigeuza kwenye mwanga kwanza, akakinusa, akasema kakule, yaani iliki. Akala. Akasema, "Hii ni lokum, ila ya siagi." Nikamwambia kwetu hii ndiyo helva. Akatikisa kichwa, akamwita baba yake, mzee sana, anakaa nyuma kwenye kiti kidogo na tasbihi. Mzee akala taratibu, amefumba macho. Kisha akasema si lokum wala si helva. "Hii ni pelte iliyoiva sana." Mtu na baba yake wakaanza kubishana mbele ya wateja. Nimewaacha hivyo, ila kipande kilichobaki mzee alikifunga tena kwenye karatasi akakitia mfukoni.

Pelte ni nini, wakuu?

#30 Tanganyika_Bursa
Pelte ni uji mzito wa wanga na sukari au maji ya matunda, wanaugandisha kwenye bakuli. Wagonjwa na watoto wanapewa.

#31 Maktaba_Kongwe
Huyo mzee kafungua mlango. Pelte ni neno la Kiajemi paluda, limevaa nguo ya Kituruki. Waarabu wakaliita faludhaj, na katika mapishi ya Baghdad ya karne ya 10 faludhaj ni wanga unaokorogwa motoni na asali au sukari na mafuta, na zafarani. Msomeeni Fundi hiyo orodha.

#32 FundiSufuria
Wanga, mafuta, sukari, zafarani, kukoroga. Hiyo ni halua. Sina la kuongeza.

#33 Kilindini_Kid
Subirini. Paluda si ndiyo FALUDA? Hii hii twanywa Mombasa na maziwa na aiskrimu? Sasa hiyo ilikuja kwa njia gani, maana ya kwetu yatoka kwa Wahindi, nami nilisema tangu #6.

#34 BintiMuscat
Baghdad bandari yake ni Basra. Meli ikitoka Basra inapita mlangoni kwetu kabla ya kufika India.

#35 MamaAisha_Leicester
Mwana, hicho kikapu usikimalize kwa majaribio, mwanangu. Ficha robo kwa ajili ya mitihani ya mwisho.

#36 MwanaWaWete
Nimeshaficha, Mama. Iko juu ya kabati nyuma ya vitabu vya hesabu. Fundi, nakuomba kipimo cha wanga kwa kilo moja ya sukari, jiko la hosteli lina moto mdogo na mwenzangu wa chumbani Mturuki amesema atashika mwiko.

#37 FundiSufuria
Nitakuandikia usiku nikifunga duka. Mwambie mwenzako asivae nguo nzuri, na asiache kukoroga hata akipigiwa simu.